Gari la Matope na Dhima ya Aliyeliunda

Nataka tuzungumze habari ya magari yaliyoundwa kwa ajili ya njia mbovu, na habari ya wenye magari hayo, ambao kwa muda mrefu sasa wamekuwa wakitaka kwa viwanda vilivyoyaunda msaada ulio bora kuliko ule waupatao. Jambo lenyewe, ukilitazama juujuu, laonekana kuwa la matajiri na mafundi peke yao. Lakini kwa watu wa tambarare ya Kano, huku magharibi mwa Kenya, ambako mji wa Ahero umekaa kwenye njia panda ya barabara iendayo Awasi na Kericho, na ile iendayo Katito, Sondu, Oyugis na Kisii hata mpaka wa Tanzania, ni jambo linaloingia katika chakula cha nyumbani, katika matibabu ya mgonjwa, na katika masomo ya mtoto.

Msafiri atokaye Kisumu hufika Ahero baada ya mwendo wa kilomita 25 hivi, na madhali yu juu ya lami haoni haja ya gari la namna yoyote maalumu. Lakini na aiache lami, akate kuelekea Kochogo, au Kakola, au kwenye majaruba ya mpunga ya skimu ya Ahero, ile iliyoanzishwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1960, na iwe mvua imenyesha usiku kucha. Hapo ndipo atakapoujua udongo mweusi wa Kano. Udongo huo wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana. Ukilowa huvimba na kunata, huambatana na gurudumu, hujaa baina ya gurudumu na madigadi hata gurudumu likashindwa kuzunguka, na dereva akishuka kutazama chini haoni changarawe wala mwamba wa kukanyagia, ila tope juu ya tope. Fauka ya hayo, mto Nyando, unaoshuka kutoka nchi ya juu ya Nandi na Tinderet, huifikia tambarare hii ukiwa umebeba maji na mchanga wa nchi yote uliyoipitia. Na mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda hata likashinda kiwango cha mwaka 1964, na tena mwaka 2024 wakati wa masika, watu wengi wa pande hizi walihama makwao, na njia nyingi zikawa hazipitiki ila kwa mashua, kwa trekta, au kwa gari refu ambalo injini yake huyasukuma magurudumu yote manne.

Kwa hiyo gari hilo hapa si la fahari. Mwenye kulimiliki aghalabu ni mfanyabiashara wa mchele anayechukua magunia kutoka majarubani. Au mkulima wa miwa wa upande wa Miwani na Chemelil. Au parokia, au shule, au zahanati. Au watu kadhaa waliochanga fedha zao katika chama, wakanunua gari moja kuukuu, wakaliwekea dereva, wakawa wanalikodisha. Wengi wao hawakulinunua jipya, wala hawataweza kulinunua jipya maishani mwao. Wamelipata baada ya kupita mikononi mwa watu wengine, pengine katika nchi nyingine, na wamelipa bei ambayo kwao ni rasilmali ya miaka. Gari hilo likilala siku tatu gerejini, mchele haufiki sokoni. Likilala mwezi, mkopo wa benki haulipiki. Na likilala usiku ule ambao mama mja mzito amepatwa na uchungu, athari yake haiwezi kuhesabiwa kwa shilingi.

Nataka nieleze kwa kituo namna maji yanavyoliua gari, maana asiyelijua hili hawezi kutambua ni kitu gani hasa ambacho wenye magari wanakitaka kwa kiwanda. Gari likiwa limetembea mwendo mrefu, ekseli na difu yake hupata moto. Likiingizwa ghafula katika maji baridi, hewa iliyomo ndani ya ekseli hupoa na kusinyaa, na kwa kusinyaa kwake huyavuta maji ndani kupitia kwenye sili zilizochakaa au kwenye kitundu cha kupumulia. Maji yakichanganyika na oili, oili hugeuka rangi ya maziwa, nguvu yake ya kulainisha hupungua, na beringi huanza kuliwa bila ya mtu kujua, mpaka siku ambayo difu inaanza kulia, na mwenye gari anaambiwa kwamba imekwisha. Dawa ya maradhi haya si ghali. Ni mpira mwembamba unaofungwa kwenye kile kitundu na kupandishwa juu mpaka pale ambapo maji hayafiki, na ni desturi ya kuikagua oili kila baada ya gari kuvuka maji mengi, na kubadilisha sili kabla hazijaisha kabisa. Viwanda vinayajua haya vizuri sana, na vimeyaandika katika vitabu vyao vya matengenezo, pamoja na hesabu ya kilomita ambazo gari linalotumika katika hali ngumu halipaswi kuzizidisha kabla ya kuhudumiwa. Lakini kitabu hicho hakipo Ahero. Lile gari lililotoka Japani limekuja na kijitabu cha Kijapani, ambacho mwenye gari hukiweka kwenye droo ya mbele kwa heshima tu. Na kitabu kikubwa cha mafundi hawapewi ila mawakala wa kiwanda, na gereji ya wakala iko mjini, na saa moja ya kazi yake huko hulipiwa zaidi ya ujira wa fundi wa kijijini wa siku nzima.

Na hapa sharti niseme neno kwa ajili ya mafundi wa juakali, ambao hulaumiwa sana na watu wasiowajua. Mafundi hawa wameyaweka barabarani magari ambayo wenyewe walioyaunda waliyahesabu kuwa yamekufa. Nimewaona wakikata gasketi kwa karatasi ngumu, wakichonga bushi kutokana na mpira wa tairi kuukuu, wakifua majani ya springi ya lori yakaingia katika gari dogo, na kazi hiyo ikashika kwa misimu. Lakini ustadi huo una mpaka wake. Hauwezi kuiona namba iliyofichwa ndani ya kompyuta ya gari, wala hauwezi kujua mkazo wa nati unaotakiwa na kiwanda katika kichwa cha injini, kwa kuwa jambo hilo halibuniwi kwa akili, hupewa mtu na aliyelipima. Kumnyima fundi kipimo, kisha kumlaumu kwa kukosea kipimo, si insafu.

Zamani hali haikuwa hivi. Mwezi Aprili mwaka 1948, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, kampuni ya Rover ya Uingereza ilitoa gari ambalo Maurice Wilks alikuwa amelibuni kwa ajili ya wakulima, likafunikwa kwa bati la aina ya aluminiamu kwa sababu baada ya Vita Kuu vya Pili chuma kilikuwa haba. Hilo ndilo Land Rover, ambalo halikuchukua muda likawa gari la maofisa wa wilaya, la polisi, la wamisionari, na la mabwana shamba katika Afrika Mashariki yote. Wajapani nao, mwaka 1951, waliunda gari lao la namna hiyo, na tangu mwaka 1954 Toyota wakaliita Land Cruiser. Katika miaka ya 1970 nchi yetu ilianza kuyaunganisha magari kama hayo yenyewe, kule Thika na kule Mombasa, na palikuwa na matumaini kwamba kiwanda kikiwa karibu, spea nazo zitakuwa karibu. Magari yale ya kwanza yalikuwa na fadhila moja kubwa: hayakumficha fundi kitu. Aliyekuwa na spana, jeki na akili aliweza kulifungua gari lote chini ya mwembe akalirudisha, na kila skrubu ilikuwa na maana aliyoweza kuiona kwa macho yake.

Hata kabla ya magari, katika mwambao wetu wa pwani, fundi aliyeunda jahazi alikaa mji mmoja na nahodha wake, na jahazi lilipovuja, nahodha alijua mlango wa kubisha hodi. Na hapa Ziwani vilevile, aliyeziunganisha mbao za mtumbwi aliuona mtumbwi wake ukirudi ufukoni kila asubuhi na samaki wake, akajua ni ubao gani ulioanza kulegea. Kiwanda cha magari hakiwezi kukaa Ahero, hilo latambulikana. Lakini dhima ile ya aliyeunda kwa aliyenunua haiondoki kwa sababu ya urefu wa bahari iliyo kati yao. Kiwanda kilichotangaza kwamba gari lake litapita pasipopitika kimetoa ahadi, na ahadi ni deni, na deni halifutiki kwa gari kuuzwa mara ya pili au ya tatu, madhali jina la kiwanda bado limeandikwa mbele yake kwa herufi kubwa.

Tena viwanda haviwezi kusema kwamba havizijui njia zetu. Tangu mwaka 1953, yalipoanzishwa mashindano ya magari ya Afrika Mashariki kwa kumbukumbu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, mashindano ambayo baadaye yalijulikana ulimwenguni kwa jina la Safari, makampuni ya Ulaya na ya Japani yamekuwa yakileta magari yao hapa ili matope yetu na mawe yetu na vumbi letu viwe mtihani wao. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mji ulio juu ya tambarare hii yetu, alishinda mwaka 1965 kwa gari la Volvo, akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Peugeot na Datsun zilijipatia sifa kubwa hapa, na Toyota ikafuata katika miaka ya 1980. Kila ushindi uliandikwa magazetini na kutiwa katika matangazo ya biashara, watu wa nchi za mbali wakanunua magari kwa kuwa yalishinda matope ya Afrika. Na mashindano hayo yaliporudi katika orodha ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, mambo yalikuwa yale yale. Basi mtazameni dereva wa mashindano: nyuma yake wako mafundi wa kiwanda, wako wahandisi, ziko springi, ziko difu nzima nzima, na katika Safari ya zamani angani pengine palikuwa na helikopta iliyomtazamia mto ulio mbele. Kiwanda kinajua kabisa gari linahitaji nini ili livuke matope ya Kenya likiwa zima. Maarifa hayo yaliyokusanywa katika ardhi yetu, ni haki gani inayozuia sehemu yake ndogo isimfikie mwenye gari wa Kochogo?

Magari ya siku hizi yameongeza shida nyingine. Injini yake haiendeshwi tena na kabureta na waya wa mafuta peke yake; inaendeshwa na kompyuta ndogo inayopokea habari kutoka kwenye sensa nyingi, na sensa moja ikiingia maji, taa ya njano huwaka, gari hupoteza nguvu, na pengine hukataa kabisa kuingia katika mwendo ule wa magurudumu manne ambao ndio sababu ya kununuliwa kwake. Fundi hutafuta mashine ya kusoma hitilafu. Akiipata ya bei nafuu humwambia nusu ya habari, na nusu ya pili imefungwa kwa ufunguo ambao kiwanda humkabidhi wakala peke yake. Hapo mwenye gari hulikokota mpaka mjini, na huko mara nyingi hujibiwa kwamba gari hili halikununuliwa kwetu, liliingizwa na mtu kutoka Japani au Dubai, namba yake haimo katika daftari letu, na spea yake itabidi iagizwe. Jibu hilo si la uongo. Sheria yetu inaruhusu kuingiza magari yaliyotumika ambayo hayajazidi miaka minane, na aghalabu ya magari ya nchi hii yameingia kwa mlango huo. Lakini swali la mwenye gari ni hili: kiwanda ni kimoja, gari ni moja, na fedha za ununuzi wa kwanza zilikwisha kuingia katika sanduku la kiwanda hicho hicho, je, kuvuka bahari kumelifanya gari kuwa yatima?

Katika jambo moja, uyatima huo ni hatari kwa roho za watu, nami naomba mnisikilize kwa makini. Mtakuwa mmesikia habari ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, ile mifuko ifumukayo kutoka kwenye usukani ili kumkinga dereva gari linapogonga. Ndani ya kifaa kinachoijaza hewa mlitiwa kemikali ya amonia naitreti, ambayo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikarusha vipande vya chuma usoni mwa yule yule aliyepaswa kuokolewa. Makampuni makubwa mengi ya magari yalivitumia vifaa hivyo, watu wakafa katika nchi kadhaa, magari ya mamilioni yakaitwa yarudi kubadilishiwa, na mwaka 2017 Takata wenyewe wakafilisika. Huko Marekani, majimbo yenye joto na unyevunyevu yalitangulizwa, kwa kuwa hatari yake huko ilikuwa kubwa zaidi. Sasa tafakarini: ni wapi penye joto na unyevu wa mwaka mzima kuliko pwani yetu na kandokando ya Ziwa hili? Lakini gari likiwa limeuzwa mara ya kwanza Nagoya au Osaka, barua ya kuliita hupelekwa kwa mnunuzi wa Nagoya au Osaka. Mwenye gari wa Ahero haandikiwi na mtu. Namba ya chesisi imo katika karatasi za bandari ya Mombasa na katika daftari za serikali, na jina la mwenye gari limo, na simu yake imo. Kinachokosekana ni mtu wa kuziunganisha habari hizo mbili. Kwa maoni yangu, katika madai yote ya wenye magari, hili ni la kwanza, na halistahili kungoja jingine.

Ulikuwapo wakati ambapo ilionekana kwamba dawa ya shida hizi itatoka hapa hapa nyumbani. Mwingereza mmoja kijana, Joel Jackson, aliyefanya kazi pwani miongoni mwa wakulima wadogo na kuona jinsi njia mbovu zilivyowafunga, alianzisha kampuni ya Mobius mnamo mwaka 2010, kwa nia ya kuunda gari la Kiafrika kwa njia za Kiafrika: lenye kimo, lenye chesisi imara ya chuma, lisilo na anasa, ambalo fundi wa kawaida aweza kulitengeneza. Bei ya gari la kwanza lililouzwa ilitajwa kuwa Sh950,000, na ingawa nguvu zake zilikwenda magurudumu ya nyuma tu, muradi wake ulikuwa ule ule tunaouzungumzia. Wakenya walionunua hawakununua chuma peke yake, walinunua na matumaini. Lakini mwezi Agosti mwaka 2024 ilitangazwa kwamba kampuni, kwa uzito wa madeni na kodi, itafungwa na mali yake kugawanywa. Na ijapokuwa baada ya siku chache zilikuja habari za mnunuzi kutoka Mashariki ya Kati, siku zile chache zilitosha kuwafunza wenye magari hayo kwamba dhamana iliyoandikwa katika karatasi huishi kadiri kampuni iliyoiandika inavyoishi. Miezi michache baadaye, Januari 2025, CMC Motors, kampuni iliyokuwapo katika nchi hii tangu miaka ya 1940, na ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa wakala wa Land Rover mpaka uwakala huo ulipohamishwa mwaka 2013, nayo ikatangaza kwamba inafunga biashara yake Kenya, Uganda na Tanzania. Siwalaumu waliofunga, biashara ina hasara na faida. Nasema tu kwamba wakala huja na wakala huondoka, kiwanda kikabaki. Kwa hiyo dhima haiwezi kukabidhiwa wakala yote pia, kiwanda kikakaa mbali kikiwa kimenawa mikono.

Insafu yataka pia tuyasikilize ya upande wa pili. Viwanda husema kwamba magari yaliyoko kandokando ya Ziwa ni ya namna nyingi mno, ya miaka mingi mno, na kuweka ghalani spea ya kila moja ni kulaza mtaji; husema kodi za bandarini zinaipandisha bei ya spea halali hata mnunuzi akakimbilia ya bandia; na husema kwamba wenye magari wenyewe hawabadilishi oili kwa wakati, hupakia kupita kiasi, kisha hulilaumu gari. Katika hayo uko ukweli, na la upakiaji ni ukweli mtupu, kama ajuavyo kila mtu aliyesimama Ahero siku ya mavuno akatazama springi za magari zilivyonyooka. Lakini hoja ya spea za bandia naigeuza upande. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia tunayo tangu mwaka 2008, na mamlaka yake iko, na misako hufanywa. Hata hivyo mtu aendapo Kirinyaga Road kule Nairobi, au katika maduka ya spea ya Kisumu, hukuta sili ya bandia iko rafuni leo hii, na ile ya halali itafika baada ya wiki sita. Mwenye gari aliye na magunia yanayolowa hachagui baina ya halali na bandia. Anachagua baina ya kilichopo na kisichopo. Kiwanda kinachotaka kuwaondoa wenye kughushi hakina njia iliyo fupi kuliko kuwa karibu zaidi yao.

Wala hakihitaji kuleta kila kitu. Muulizeni fundi yeyote wa Ahero, atawatajia papo hapo vitu vinavyokufa kwa sababu ya nchi hii hasa: sili za ekseli, beringi za magurudumu, bushi za springi, klachi, breki za nyuma zinazojaa mchanga, alternata inayooga maji ya tope, na chujio la dizeli. Orodha hiyo haitajaza chumba kimoja cha nyumba. Na hapa pana maslahi ya kiwanda chenyewe, ambayo nashangaa kwamba hayaonekani: mahali panapoua beringi kwa miezi sita ni shule ambayo mhandisi hawezi kuipata katika maabara ya nyumbani kwake, na taarifa za fundi wa Ahero, zikikusanywa kwa utaratibu, zingemwelekeza aunde sili iliyo bora kwa ajili ya Bangladesh na Amazon pia.

Mintarafu ya sheria, hatuko mikono mitupu. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, imempa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari anazozihitaji ili afaidi bidhaa hizo, haki ya kulindwa afya yake na usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na dosari. Na Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 ikaja juu ya msingi huo. Nawaombeni mlitazame neno habari. Mwenye gari asiyeweza kuzisoma hitilafu za gari lake mwenyewe, wala kuambiwa kwamba mfuko wa hewa ulio mbele ya kifua chake una hatari, amenyimwa habari iliyo ya lazima kuliko nyingine yoyote. Wenzetu wa Afrika Kusini wametutangulia: tangu tarehe 1 Julai 2021 miongozo ya tume yao ya ushindani imewataka wenye viwanda na mawakala wamwachie mwenye gari kulipeleka kwa fundi amtakaye bila ya kupoteza dhamana yote, na kuwafungulia mafundi wa nje maarifa ya kazi. Ulaya wana kanuni za namna hiyo, na jimbo la Massachusetts huko Marekani lilipitisha sheria yake mwaka 2012. Hakuna sababu iliyo wazi ya Kenya kuchelewa, hali magari yetu yanahitaji matengenezo kuliko yao.

Lakini sheria hailii yenyewe mlangoni mwa kiwanda. Hupelekwa na watu, na mtu mmoja mmoja hasikiki. Wakulima wa mpunga wa Ahero walijifunza zamani kwamba gunia moja halina bei na magunia elfu yana bei, na ndiyo maana wana vyama vyao vya ushirika. Wenye magari ya tambarare hii, na wa Nyakach, na wa Muhoroni, na wa Homa Bay ng'ambo ya ghuba, na waungane vivyo hivyo, waandike katika daftari moja namba ya chesisi ya kila gari, mwaka wake, namna yake, na kila kilichovunjika na siku kilipovunjika na njia iliyokivunja. Daftari hilo ni silaha bora kuliko malalamiko mia. Likipelekwa kwa kiwanda, kitaona kwamba hapa pana soko lenye watu wanaojua wanachokitaka; likipelekwa kwa wenye kusimamia sheria ya ushindani na ya wateja, wataona kwamba dosari ile ile imewapata watu wengi, wala si uzembe wa dereva mmoja; na likipelekwa katika taasisi ya ufundi iliyo Kisumu, walimu watajua ni somo gani wanalopaswa kuwafunza vijana kwanza.

Naomba pia kwamba barua itakayoandikwa isiwe ya matusi, maana watu wa viwanda ni watu, na mtu huitikia heshima. Iombe vitu vinavyoweza kutekelezwa: kitabu cha mafundi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kipatikane kwa bei ya karatasi tu, chumba kile kimoja cha spea kiwekwe Kisumu au Ahero yenyewe, namba za chesisi zipitiwe ili wenye mifuko ya hewa yenye hatari waarifiwe kwa simu zao, na mhandisi mmoja atumwe mara moja kwa mwaka. Na huyo mhandisi asialikwe mwezi wa Januari, wakati udongo umekauka na kila gari linapita. Aalikwe Aprili, mto Nyando ukiwa umejaa, apewe gari la namna ile iliyoundwa na kampuni yake, lenye umri wa miaka kumi na tano, aliendeshe mwenyewe kutoka njia panda ya Ahero mpaka Kochogo, na pembeni yake akae fundi wa juakali anayelijua gari hilo, ili kila linapolia, mmoja auelezee mlio huo na mwingine aandike.